Kuandaa Mafunzo ya Usindikizaji wa Kiroho Kigoma kwa Haki: Mwongozo Kamili, Tangu Uteuzi hadi Usimamizi

Usindikizaji wa kiroho unaonekana kazi ndogo. Watu wawili wanakaa pamoja saa moja, kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Mmoja anaeleza anavyosali na maisha yake yanavyokwenda, mwingine anasikiliza na kumsaidia atambue Mungu anafanya nini ndani ya hayo yote. Si kitubio, si ushauri nasaha, si maombi ya kufunguliwa. Wakatoliki wengi wanaujua kupitia mlezi wa kiroho wa seminari au wa nyumba ya masista. Kwa Waanglikana, Wamoraviani na Wapentekoste hufanywa mara nyingi bila jina rasmi, na mzee wa kanisa au mama wa maombi ambaye watu humfuata nyumbani jioni.

Kanisa linapotaka kuwafundisha watu kazi hii, kosa linaloharibu mambo huwa limeshafanyika kabla ya siku ya kwanza ya darasa: walioketi kupanga ni watu wa aina moja. Wanachagua vitabu wanavyovijua, mifano inayowahusu na lugha inayowapa wao raha, halafu wanawakaribisha wengine wajaze viti. Mwongozo huu ni wa parokia, sharika na mashirika ya kitawa ya mkoa wa Kigoma yanayotaka kufanya tofauti. Wa Tabora nao wataukuta unawafaa kwa sehemu kubwa.

Timu ya maandalizi

Anzeni na watu watano. Wawili kati yao watoke katika makundi ambayo kwa kawaida hayaalikwi kupanga: mkimbizi au aliyewahi kuwa mkimbizi, mwanamke asiye na cheo cha kanisa, Mmanyema wa Ujiji, mtu mwenye ualbino, kijana wa kijijini. Nao wawe na kura kamili. Andikeni katika kumbukumbu za kikao cha kwanza kwamba mtaala, ada na orodha ya wakufunzi havipitishwi kama hao wawili hawajaridhika. Bila maandishi hayo, paroko au mchungaji atamaliza kila mjadala kwa neno moja, hata asipokusudia.

Kielelezo kipo katika Matendo 6:1–7. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kanisa halikuwaambia wavumilie wala halikuwakumbusha umoja. Lilichagua watu saba wa kusimamia huduma hiyo, na majina ya wote saba, tangu Stefano hadi Nikolao, ni ya Kigiriki. Waliolalamika walikabidhiwa usimamizi wa kile kile walichonyimwa. Someni kifungu hiki katika kikao cha kwanza, kisha mjiulize wajane wa Kigoma ni akina nani.

Chora ramani ya majeraha

Miongozo mingi ya nje, hasa ya Marekani, inapozungumzia haki ya rangi inazungumzia Weusi na Weupe. Kwetu Mzungu yupo zaidi katika picha za ukutani na majalada ya vitabu. Anayeketi kiti cha jirani ni Mha, Mbembe, Mmanyema, Mrundi, Mnyamwezi, au mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Kilimanjaro. Mkibeba mtaala wa Marekani kama ulivyo, darasa zima litakubaliana kwamba ubaguzi ni dhambi ya watu wa mbali, na chai itanywewa kwa amani huku Warundi wamekaa peke yao.

Kwa hiyo timu itenge siku nzima, ibandike karatasi kubwa ukutani na kuandika yaliyowaumiza watu wa eneo, nani aliumizwa na kanisa lilikuwa upande gani. Mambo manne hayawezi kukosekana.

La kwanza ni utumwa. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyopitia Tabora kwenda Bagamoyo. Wazao wa waliovushwa ziwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, wapo hadi leo, na wazao wa waliowauza wapo pia. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walipofika Ujiji mwaka 1879 walikomboa watoto kwa kulipa fedha, wakawalea katika misheni zao, na baadhi ya Wakristo wa mwanzo kando ya ziwa walitoka humo. Katika familia za namna hiyo, swali la ukoo linaweza kukata kama kisu.

La pili ni manamba. Chini ya Waingereza, Kigoma ilifanywa eneo la kuchotea vibarua wa mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga. Dharau iliyoanzia huko, kwamba Mha ni mtu wa kutumwa na kubebeshwa, bado imo katika mizaha ya leo. Wanafunzi wengi wenyeji wataingia darasani wakiwa nayo kifuani bila kujua ilikotoka, na wengine wataipunguza makali kwa kumtafuta aliye chini yao, ambaye kwa kawaida ni mkimbizi.

La tatu ni ukimbizi wenyewe, na hapa timu ikae muda mrefu zaidi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na, upande wa Tabora, Ulyankulu. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Wengine walikuja kufuatia mauaji ya 1993. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, kisha ikapokea Warundi waliokimbia mwaka 2015. Hawa wote si kundi moja. Raia mpya wa Ulyankulu, Mbembe aliyezaliwa kambini na Mrundi wa 2015 wana majeraha tofauti, na kati ya Warundi wenyewe kuna Wahutu na Watutsi wasioweza kusali pamoja kwa urahisi. Mkiwaweka wote chini ya neno “wakimbizi”, mmeshindwa kuwasikiliza kabla hamjaanza.

La nne ni rangi ya ngozi hapa hapa nyumbani. Watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo, hasa tangu 2007, wengine walihifadhiwa Kabanga, Kasulu. Darasa linalozungumzia rangi na haki bila kuwataja limeruka damu iliyomwagika jirani.

Kuchagua wanafunzi

Chukueni watu 12. Idadi hiyo inagawanyika kwa tatu kwa ajili ya mazoezi na kwa nne kwa ajili ya usimamizi. Kundi lolote moja lisizidi nusu ya darasa, na mtu yeyote asiwe peke yake wa aina yake. Mmanyema mmoja kati ya Waha 11 atageuzwa msemaji wa Wamanyema wote, atachoka, na kufikia mkutano wa tatu ataanza kutoa udhuru wa malaria. Kama hamkupata angalau wawili, bora mwahirishe miezi mitatu mtafute.

Msidai cheti cha kidato cha nne. Sharti hilo linaonekana la haki lakini linawachuja akina mama wa vijijini na watu ambao vyeti vyao vilibaki Uvira au Bujumbura. Kinachotakiwa ni awe anajua kusoma na kuandika kiasi cha kutunza daftari, awe ana mazoea ya sala, na awe mwenyewe amesindikizwa na mtu kwa miezi sita walau. Sharti la mwisho lisilegezwe kwa yeyote, hata padri. Asiyewahi kusikilizwa hajui kusikiliza kunagusa nini.

Usaili uchukue dakika 40, na wasaili wawe wawili wa asili tofauti. Maswali matatu yanatosha. Nieleze mtu aliyekusikiliza vizuri, alifanyaje? Ni kundi gani la watu unaona vigumu kuamini sala yao ni ya kweli? Mtu akikuambia jambo zito la aibu, utalipeleka wapi? Atakayejibu swali la pili kwa kusema hana shida na watu wowote, muulizeni tena kwa upole. Akishikilia, ana safari ndefu, na huenda wakati wake bado. Anayetaja kundi kwa jina na kueleza inavyomsumbua anafundishika.

Kalenda, vibali na fedha

Muda unaotosha ni miezi 18 yenye mikutano minane ya siku tatu tatu, katika mwezi wa 1, 3, 5, 7, 9, 11, 14 na 17, pamoja na mafungo ya siku tano mwezi wa 12. Anzeni Jumatatu jioni, mmalize Alhamisi mchana, ili wachungaji wawahi ibada zao. Mkutano ukiangukia mwanzo wa mvua, Oktoba na Novemba, usogezeni, kwa kuwa watu huwa shambani na barabara za ndani huanza kuharibika.

Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na mgeni haruhusiwi kuingia kambini bila kibali. Ombeni kwa maandishi mapema, miezi miwili kabla, kupitia uongozi wa kambi na Wizara ya Mambo ya Ndani, mkitaja majina, tarehe na ukumbi. Msimamo wa serikali kuhusu kambi hubadilika, hivyo ulizeni upya kabla ya kila mkutano. Msimwambie mwanafunzi “jitahidi ufike”, kwa sababu akikamatwa njiani ni yeye atakayeumia. Kama kibali cha kutoka hakipatikani, mikutano miwili au mitatu ihamie kambini, na wenyeji ndio wasafiri. Hilo lina faida nyingine: mwenyeji anaonja kuwa mgeni mlangoni pa mtu mwingine.

Katika bajeti, tengeni kwanza nauli, chakula na malazi ya wasiojiweza, kisha mlezi wa watoto kwa akina mama wanaonyonyesha, ndipo posho za wakufunzi. Mpangilio ukigeuzwa, fedha huisha kabla hazijawafikia wa mwisho. Ada iwe ya ngazi tatu, na ngazi ya kila mtu ijulikane na mhasibu peke yake. Malazi na meza viwe sawa kwa wote. Padri akiwekewa chumba chake na migebuka huku makatekista wanalala kumi katika ukumbi na kula maharage, somo la usawa limeshafundishwa kinyume. Mwanafunzi mwenye ualbino apewe kiti cha mbele, maandishi ya herufi kubwa za ukubwa wa 18 au zaidi, na mazoezi ya nje yafanyike kivulini.

Lugha

Darasa litaendeshwa kwa Kiswahili, lakini sala ya ndani mara nyingi iko katika lugha nyingine. Katika mazoezi, mtu aruhusiwe kusali na kulia kwa Kiha, Kirundi au Kibembe, kisha aeleze kwa Kiswahili anachotaka kueleza. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba Mha na Mrundi wanaweza kufanya zoezi zima bila Kiswahili. Wapangeni hivyo mara moja moja, watashangaa wenyewe.

Kiswahili cha Wakongo hakisahihishwi na hakichekwi. Sheria hii itangazwe siku ya kwanza na mkufunzi aisimamie kila siku, kwa sababu kicheko kidogo kinatosha kumnyamazisha mtu mwezi mzima. Kama darasa halioni uzito wake, lisome Waamuzi 12:5–6, watu walivyouawa vivukoni mwa Yordani kwa sababu ulimi wao ulishindwa kutamka “Shibolethi”. Kisha ulizeni ni wapi Kigoma matamshi ya mtu yamewahi kuamua hatima yake. Yapo majibu mengi, nanyi mpewe muda wa kuyasikia.

Kufundisha historia bila kuifunika

Mkutano wa kwanza na wa pili hutumika kueleza mapokeo ya kusindikizana yalikotoka. Anzeni Afrika, kwa sababu ndiko yalikoanzia kwa kiasi kikubwa: wamonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4, ambao watu waliwaendea kuomba neno la kuishi. Mmoja wao ni Abba Musa, aliyeitwa Mweusi, wa Skete. Inasimuliwa kwamba siku moja wazee walimdharau kusudi wamjaribu, wakauliza kwa nini huyu mweusi anakuja kati yao. Akanyamaza. Baadaye walipomuuliza kama hakuumia, alisema aliumia lakini hakusema.

Simulizi hii ni ya thamani na ni ya hatari. Kwa karne nyingi imefundishwa kama mfano wa unyenyekevu, na mkufunzi asiyeangalia ataitumia kumfundisha Mmanyema au mkimbizi aendelee kunyamaza. Gaweni darasa katika makundi ya wanne, mwape dakika 30 na maswali haya: Musa aliumia, je, kuna mzee yeyote aliyeulizwa kwa nini alimuumiza? Kunyamaza kwa mtu aliye huru kusema kunatofautianaje na kunyamaza kwa asiyeruhusiwa kusema? Msindikizaji angemwuliza nini Musa usiku ule? Swali la tatu ndilo darasa lenyewe.

Mkifika kwa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa mwaka 1548, yafundisheni kwa heshima yote. Lakini elezeni pia yaliyofuata. Ignasi alipokea katika shirika lake watu wa asili ya Kiyahudi wakati Hispania ilikuwa ikiwabagua kwa “damu”, na mrithi wake Diego Laínez alikuwa wa asili hiyo. Mwaka 1593 shirika hilo hilo likawafungia mlango wenye asili ya Kiyahudi, na katazo hilo halikuondolewa hadi 1946. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watumwa 272. Teresa wa Avila naye, ambaye vitabu vyake kuhusu sala husomwa dunia nzima, alikuwa mjukuu wa Myahudi aliyeongoka na kuadhibiwa hadharani na mahakama ya kanisa huko Toledo. Mwanafunzi akiyajua haya anaelewa kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa kupambanua roho, yaani kutambua kinachotoka kwa Mungu na kisichotoka kwake, na bado asione mnyororo mkononi mwake. Asipoyajua, ataamini ubaguzi ni tatizo la wasiosali.

Wawekeni karibu nao walimu wengine. Howard Thurman, mchungaji Mweusi wa Marekani aliyezaliwa 1899, alilelewa na bibi aliyezaliwa utumwani. Bibi huyo hakujua kusoma, na alipomtuma mjukuu amsomee Biblia alikataa kusomewa sehemu kubwa ya nyaraka za Paulo, kwa kuwa mhubiri wa bwana wake alizitumia kuwaambia watumwa watii. Josefina Bakhita, aliyetekwa Darfur akiwa mtoto, alipelekwa Italia. Alipotakiwa kurudi Afrika na mwenye kummiliki alikataa, na mwaka 1889 mahakama ya Venice ikathibitisha kwamba ni mtu huru. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Tumieni uamuzi wake katika somo la kupambanua: alisikia nini ndani yake, nani alimsindikiza, na nani alitaka atii? Karibu na kwetu yupo Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akasomea udaktari Malta, akawa katekista na mganga Karema, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, hadi kifo chake mwaka 1956.

Kwa tafakari za Biblia, mwe na Hajiri (Mwanzo 16), mke Mkushi wa Musa (Hesabu 12), mwanamke Msirofoinike (Marko 7:24–30) na Simeoni aitwaye Nigeri (Matendo 13:1). Waefeso 6:5, inayowaambia watumwa watii mabwana zao, isitolewe kwa tafakari ya binafsi bila maandalizi. Kumbukeni bibi yake Thurman.

Zoezi la watatu

Hili ndilo moyo wa mafunzo, nalo lirudiwe kila siku ya kila mkutano. Mmoja ni msindikizaji, wa pili msindikizwaji, wa tatu mtazamaji. Kimya dakika 3. Mazungumzo dakika 25. Kimya dakika 2. Maoni dakika 15: msindikizaji anaanza kwa dakika 3, msindikizwaji dakika 4, mtazamaji 8. Kisha wanabadilishana. Kwa zamu tatu na mapumziko mafupi, tengeni saa mbili na dakika 45.

Msimpange padri na katekista wake, wala mke wa mchungaji na muumini wa mume wake. Heshima za kawaida zibaki: kijana anayemsindikiza mzee ataamkia shikamoo na atamwita mama au baba, na hilo halimzuii kuuliza swali la ndani. Kinachozuia ni pale mzee anapoanza kumpa kijana mawaidha na kijana akaacha kazi yake ili apokee. Mtazamaji aliandike hilo.

Mtazamaji ana karatasi yenye mambo manne tu. Nani aliongea zaidi? Msikilizaji aliruka wapi jambo lililogusa? Ni neno gani la msindikizwaji lilibadilishwa likawa la msikilizaji? Kabila, rangi, jinsia, cheo au ukimbizi viliingia wapi, hata bila kutajwa?

Kosa la kwanza kabisa huwa katika salamu. Wengi wetu tunafungua mazungumzo kwa “kwenu wapi?” na tunaiona adabu. Kwa mzao wa watumwa wa Ujiji ni kuchimbuliwa. Kwa aliyepitia Operesheni Kimbunga ya 2013, wageni waliokosa karatasi walipoondolewa katika mikoa hii, ni sauti ya uhamiaji. Badala yake ulizeni: “Umeamkaje leo moyoni?” au “Ungependa tuanzie wapi?” Mtu atasema kwao mwenyewe akiona pana usalama.

Kosa la pili ni kukimbilia Wagalatia 3:28. Msindikizwaji anasema, “Kanisani nikishika kipaza sauti watu wanatazamana.” Msikilizaji anajibu, “Lakini mama, katika Kristo hakuna Mha wala Mrundi.” Mama ananyamaza, na mazungumzo yamekufa hapo. Jibu linalofaa ni fupi: “Wanatazamana.” Kimya. Kisha, “Na wewe, mbele za Mungu, wakati huo unakuwaje?”

La tatu ni udadisi. Msikilizaji anavutiwa na habari za vita au kambi, anauliza waliua wangapi, mlivuka vipi. Kila swali lipimwe hivi: jibu lake linamsaidia yeye aliye mbele yangu, au linanishibisha mimi?

Na wakati mwingine ubaguzi unatoka kwa msindikizwaji mwenyewe. Anasema, “Siwezi kupokea komunyo mstari mmoja na hao waliotuulia.” Msikilizaji asimkemee na asimkubalie. Afuate njia hii: atambue maumivu (“ulipoteza watu”), auhamishe mtazamo kwenye sala (“unapomwambia Mungu hilo, anakutazamaje?”), na asubiri. Msamaha usidaiwe katika kikao cha kwanza, cha pili wala cha tano. Lakini msindikizwaji akipanga kumdhuru au kumnyima mtu haki yake, msikilizaji aseme waziwazi kwamba jambo hilo hatalisindikiza.

Zoezi la picha lifanyike mkutano wa tatu. Kila mtu afumbe macho dakika 10, amwazie Yesu anaingia chumbani, kisha aandike alivyomwona: ngozi, mavazi, lugha aliyosema. Wengi watamwona Mzungu mwenye nywele ndefu, na baadhi wataona aibu. Msiwaaibishe zaidi wala msiwalazimishe kubadili picha waliyosalia tangu utotoni. Ulizeni tu: huyo uliyemwona, angekaa jikoni kwa mama yako? Angemwelewa akisali kwa Kiha?

Mwenye jeraha si mwalimu wa bure

Katika kila darasa hufika wakati mkufunzi anamgeukia mkimbizi au mwenye ualbino na kusema, “Tueleze wewe, hali ikoje?” Msifanye hivyo. Mwalikeni faragha wiki moja kabla, mwe tayari kupokea hapana, na akikubali alipwe posho sawa na mkufunzi yeyote wa saa hiyo. Nao walioumiza au waliorithi nafasi ya walioumiza wana kazi yao ya nyumbani. Waandike kurasa mbili kuhusu walichofundishwa utotoni juu ya kundi fulani, wazisome katika kikundi cha wenzao wa asili moja, siyo mbele ya wale waliodharauliwa.

Utani wa makabila nao uwekewe mpaka. Utani una sheria zake na pande mbili zenye nguvu sawa. Mzaha anaofanyiwa asiye na karatasi na mwenye karatasi hauna upande wa pili, na mkufunzi ausimamishe pale pale.

Usimamizi

Kuanzia mkutano wa nne kila mwanafunzi anasindikiza watu wawili, kila mmoja mara moja kwa mwezi. Katika mwaka mmoja atakuwa na vikao 24, na pungufu ya hapo asikabidhiwe cheti. Kila mwezi anakutana na msimamizi: mwezi mmoja peke yake kwa saa moja, mwezi unaofuata katika kikundi cha wanne kwa saa mbili. Wasimamizi watatu wanatosha darasa la 12, na wasiwe wote mapadri, wala wote wanaume, wala wote wenyeji.

Mwanafunzi analeta kumbukumbu ya mazungumzo ya dakika tano tu za kikao, mistari 10 hadi 15, iliyoandikwa siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Jina, kijiji, kabila na namba ya kadi ya mkimbizi visiandikwe. Kushoto maneno yaliyosemwa, kulia alichosikia mwanafunzi ndani yake wakati huo. Upande wa kulia ndio unaosimamiwa. Msimamizi anauliza: hapa uliharakisha, uliogopa nini? Huyu angekuwa wa kwenu ungeuliza vivyo hivyo? Kama mwanafunzi anamsindikiza mtu wa kundi lililodharauliwa na kwake, swali la pili liulizwe kila mwezi bila kukosa.

Angalieni pia upande wa pili: mwanafunzi mkimbizi anayemsindikiza mwenyeji mwenye cheo. Mara nyingi ataogopa kuuliza, atasifu kila kitu, na vikao vitakuwa vitamu visivyokwenda popote. Msimamizi ampe ruhusa kwa maneno kabisa, na ikibidi wafanye mazoezi ya swali gumu kwa sauti mara tatu nne.

Siri, usalama na malalamiko

Siri isemwe kwa mipaka yake kabla ya kikao cha kwanza: mtoto akiwa hatarini, au mtu akitaka kujiua au kuua, msindikizaji atatafuta msaada. Mwanamke anayeeleza kubakwa asiombewe tu na kurudishwa nyumbani. Aelezwe kuhusu hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kama tukio halijapita saa 72, kwenda hospitali ni jambo la haraka kwa sababu ya dawa za kinga ya VVU. Asiyelala usiku, anayeshtuka, anayeona upya yaliyopita hadi anashindwa kazi, apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili, kwa mfano kupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Usindikizaji unaweza kuendelea sambamba, lakini haubebi mzigo huo peke yake.

Malalamiko ya ubaguzi yapokelewe na watu wawili walio nje ya timu, mmoja mwanamke, mmoja asiye wa kabila lenye wengi darasani. Namba zao ziandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari la kila mwanafunzi. Mlalamikaji ajibiwe ndani ya siku 14. Akilalamikiwa padri au mchungaji mwenye jina, utaratibu usibadilike, na asihamishiwe darasa jingine kimya kimya.

Tathmini

Baada ya mkutano wa nne na wa nane, mtu wa nje akusanye majibu ya faragha kwa maswali machache: ni lini ulinyamaza ukiwa na la kusema? Nani alizungumza zaidi? Je, ungemleta ndugu yako katika darasa lijalo? Majibu yatengwe kwa makundi, kwa sababu wastani wa darasa zima huficha kilio cha wawili. Walioacha njiani watembelewe nyumbani au kambini, wasipigiwe simu tu, na wasiulizwe “kwa nini uliacha” bali “tulifanya nini”.

Kwa darasa la pili, wakufunzi wawili kati ya watatu watoke kwa wahitimu wa kwanza, na angalau mmoja wao awe wa kundi ambalo timu ya mwanzo ililihesabu miongoni mwa wajane. Wapewe funguo za ukumbi, daftari la fedha na haki ya kubadili mtaala tangu kikao chao cha kwanza cha maandalizi, na timu ya zamani ije pale tu itakapoitwa.